Mirathi ilipoonekana ukutani

Miaka sita nimefundisha mirathi ya Kiislamu kwa chaki. Naandika thumuni (moja ya nane), sudusi (moja ya sita), theluthi mbili. Wanafunzi wananakili, wanakariri, wanafanya mtihani, wanasahau. Mwezi uliopita, Kidato cha Nne wakirudia mada, nilibeba laptopu yangu na projekta ya kuazima, nikatundika shuka jeupe mbele ya ubao. Madirisha tuliyaziba kwa kanga. Joto la Tanga mnalijua, lakini hakuna aliyelalamika.

Programu niliitengeneza kwenye Excel na mwalimu mwenzangu wa hisabati, jioni nne nyumbani kwangu Makorora. Unaingiza mali ya marehemu, unabonyeza warithi, mafungu yanajipanga. Ila haifunguki mpaka utoe kwanza gharama za mazishi, deni na wasia. Hapo niling'ang'ania mimi, maana ndipo wengi wanaporuka. Kundi la kwanza lilikwama hapohapo, likarudi lenyewe kwenye Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, kutafuta lilipokosea. Chaki haijawahi kuwarudisha kwenye msahafu namna ile.

Wapo wanaonishauri niwaonyeshe filamu za mitume. Sitaki. Sura ya mtume haiigizwi, na filamu humwacha mtoto anatazama tu. Mimi namtaka abonyeze, akosee, atafute.

Basi tukaweka shilingi milioni 24. Marehemu kaacha mke, mama, mabinti wawili na kaka yake. Mke akapata milioni 3, mama 4, mabinti 16 kwa pamoja, na ile 1 iliyosalia ikaenda kwa kaka wa marehemu, kwa kuwa ni asaba, mrithi anayechukua kinachobaki. Kisha nikamwita binti mmoja mkimya wa viti vya nyuma, aongeze mtoto wa kiume. Kisanduku cha kaka wa marehemu, yaani ami wa watoto, kikaandika sifuri. Mke na mama hawakuguswa; milioni 17 zikawa za watoto, wa kiume mafungu mawili, kila wa kike fungu moja.

Akamtoa mtoto wa kiume. Akamrudisha. Sifuri.

"Mwalimu, mbona sisi tuna kaka, na shamba la minazi la baba analo ami?"

Darasa zima kimya. Nikamwambia, "Kipindi kikiisha ubaki, mwanangu." Tulikaa wawili tukaingiza watu wa kwao mmoja mmoja, bibi mzaa baba naye yumo, yu hai. Alinakili kila namba daftarini. Nikamwambia ampe mama yake lile daftari, naye ampelekee sheikh wa msikiti wao, maana programu yangu haiwajui wadai wala mashahidi, na kuhukumu si kazi yake.

Jumatatu mama mwenyewe akaja shuleni, akaomba aone. Umeme ulikuwa umekatika. Tuliinamia kioo cha laptopu kwa chaji iliyosalia, akafuata kidole changu kisanduku baada ya kisanduku, kisha akasema, "Hebu mbonyeze tena huyo mtoto wa kiume."