Jinsi nilivyoipima mizizi ya Kadutu

Soko la Kadutu, hapa Bukavu, dawa ya nguvu za kiume huuzwa kwa sura mbili: mizizi mizima, au unga kwenye chupa. Unga niliukataa. Wapo wauzaji wanaosagia humo vidonge vya sildenafil, ndiyo Viagra, kisha sifa apewe mti. Mgonjwa wa moyo anayemeza dawa za nitrati akinywa unga wa namna hiyo, presha inaweza kushuka hadi afe.

Nikanunua mizizi. Ukiivunja inanukia vanila. Nilihisi ni Mondia whitei, ambayo Waganda huiita mulondo na Waluhya mukombero, lakini pua si ushahidi. Mama muuzaji hakutaka kusema anachimba wapi. “Dokta, nikikuonyesha utachimba mwenyewe. Miye nitakula nini?” Ikabidi niwe mteja wake, ninunue hata tangawizi nisiyoihitaji, mpaka akaniletea tawi lenye majani na maua. Nikalibana katikati ya magazeti, nikalipeleka Lwiro, kwenye kile kituo cha utafiti cha tangu 1947 chenye hazina ya mimea iliyokaushwa. Ndiyo yenyewe.

Maabara tulikausha mizizi kivulini, tukaisaga na kuiloweka kwenye maji, kama wanavyofanya wanywaji. Panya dume tuliwagawa: wa maji matupu, wa mizizi, wa sildenafil. Majike walitolewa ovari, wakadungwa homoni za kike, estradioli saa 48 kabla na projesteroni saa 4 kabla, ili wote wawe tayari sawasawa. Kazi ilikuwa gizani, chini ya taa nyekundu, kwa kuwa panya huchangamka usiku na mwanga mwekundu hawauoni vizuri. Aliyeshika saa hakuambiwa dume gani kanywa nini. Hapo sikulegeza hata kidogo, maana kila mtu mle ndani alitamani mizizi ishinde, mimi wa kwanza.

Wa mizizi waliwahi kumpanda jike kuliko wa maji. Ila hamu ni kitu kimoja, kusimama ni kingine. Mwanaume ambaye kisukari kimemharibia mishipa anaweza kuwa na hamu tele na bado asiweze, na panya wangu walikuwa wazima. Kupima kusimama kwenyewe kunataka vipande vya tishu ya uume wa sungura na chombo cha kupima jinsi vinavyolegea, maana uume husimama pale misuli yake ya ndani inapolegea damu ikaingia. Hicho chombo bado tunakitafuta.

Nilimweleza mama yote hayo, nikamwomba awaambie wateja wapime sukari kwanza. Alichosikia ni kwamba panya waliwahi. Bei ikapanda siku ileile.