Boko mpaka Amboni, nikifuata maji ya chokaa

Mi naishi Boko, Dar es Salaam, na yeyote anayekaa upande huu wa Tegeta, Wazo mpaka Bunju atanielewa nikianza na habari ya birika. Kwetu tunatumia maji ya kisima, chemsha chai wiki mbili tu ndani panaota utando mweupe mgumu kama ganda la yai, ukiukwangua na kijiko unabanduka vipande vipande. Miaka yote nimeukwangua nikautupa sijawahi kujiuliza unatoka wapi, mpaka mwezi wa saba nilipoenda mapango ya Amboni na mdogo wangu wa kike.

Tulipanda basi stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, Chalinze, Wami, Mkata, Segera unakata kulia, kama kilomita 350 hivi mpaka Tanga mjini. Habari za basi sitawachosha nazo, ila Muheza lazima niitaje manake machungwa yalikuwa yamejaa barabarani na gari zima likawa linanukia maganda mpaka tunashuka. Tukalala kwa mama mdogo Chumbageni. Kumwambia tunaenda Amboni akashangaa, "mie nimezaliwa hapa hapa, nimeolewa hapa, humo sijaingia, nyie watoto wa Dar mna moyo." Nkamwambia mama njoo basi, akasema magoti.

Asubuhi tukachukua bajaji, barabara ile ya kwenda Horohoro mpakani, ni kama kilomita nane tu kutoka mjini. Tairi ikapasuka kabla hatujafika ikabidi sehemu iliyobaki tutembee, na kiukweli nashukuru maana upande wa Kiomoni ndo nikaona watu wanachoma chokaa, mawe meupe yamepangwa, moshi mzito, vumbi limekaa juu ya majani ya mihogo kama unga. Nikakumbuka Wazo, kile kilima chetu kinachochimbwa kila siku kwa ajili ya simenti, mawe ni ya jamii hiyohiyo. Nyumba zetu zote tunajenga kwa hili jiwe halafu hatulijui.

Pangoni tukapokelewa na mzee mmoja anayeongoza wageni. Shikamoo, marahaba wanangu, akatukagua viatu kwanza. Mdogo wangu alikuwa na ndala, mzee akamtafutia raba za kuazima, hakutaka mjadala. Akatuambia mawe haya ni ya enzi za Jurasiki, miaka kama milioni 150, na wakati ule hapa tuliposimama palikuwa chini ya bahari. Mapango yapo kumi ila wageni wanaingizwa moja tu. Serikali ya mkoloni ilitangaza eneo kuwa la hifadhi mwaka 1937, na baada ya uhuru, mwaka 1963, likawekwa chini ya idara ya mambo ya kale.

Ukiingia mlangoni bado kuna mwanga, unapanda mawe, unasikia popo juu wanalialia, harufu yao kali inakupiga puani, alafu kona moja tu giza linakufunika. Giza lile sijawahi kuliona Dar, hata umeme ukikatika mtaa mzima kuna nyota, kuna simu ya jirani. Mle ndani mzee alizima tochi makusudi nikaweka mkono mbele ya macho sikuona kitu, nikasikia tu tone. Tii. Kimya. Tii.

Akawasha akamulika juu. Jiwe limening'inia kama titi la mbuzi na ncha yake ina tone moja la maji linang'aa, halidondoki, limeshika pale, linakua taratibu, mpaka likaachia. Chini yake kuna kijiwe kingine kinapanda kulipokea. Mzee akaeleza vizuri sana, kwamba mvua ikipita kwenye udongo inachukua hewa ya kaboni dioksaidi na maji yanakuwa na uchachu kidogo, ule uchachu unayeyusha jiwe la chokaa kule juu, sasa maji yakifika humu pangoni ile hewa inatoka, chokaa inabaki, kidogo kidogo mno, mpaka la juu na la chini yanakutana yanakuwa nguzo. Nikashtuka nikamwambia mzee, hii si ndo ya birika langu? Ukichemsha si hewa inatoka chokaa inabaki? Akacheka akanishika bega, "hiyohiyo mwanangu, ila wewe una haraka ya moto."

Mdogo wangu akanyoosha mkono aguse ile ncha, mzee akamzuia. Mafuta ya vidole yakibaki pale jiwe linaweza kuacha kuota. Na hili naomba wote mnaopanga kwenda mlishike, kuna kuta mle ndani watu wameandika majina yao, fulani na fulani, roho iliniuma. Kazi ya maelfu ya miaka mtu anaikwangua na msumari dakika mbili.

Kuna chumba cha mzimu ambako watu wa huko bado wanaleta sadaka, tukapita kimya bila kupiga picha. Kuna vijia vya kupita kwa tumbo. Kuna hadithi kwamba pango linatokea Mombasa na wengine wanasema Kilimanjaro, ingawa wapimaji waliokuja 1994 walikuta refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja, na kuna habari za Osale Otango aliyekuwa anajificha humu miaka ya hamsini akiwindwa na wakoloni. Mzee alizisimulia zote, mimi akili ilikuwa imebaki kwenye lile tone.

Mchana kijana wa kijijini akatupeleka kwa miguu mpaka kwenye chemchemi za salfa, wanaziita za Galanos, jina la mkulima wa mkonge Mgiriki. Njia ni nyembamba, ngedere wanakuruka juu, harufu ya yai viza inakufikia kabla hujaona maji. Maji ni ya vuguvugu, yana rangi ya kijani, na wenyeji wanaamini yanatibu ngozi. Tulikaa tumetumbukiza miguu muda mrefu. Karibu na hapo unapita mto Sigi unaoshuka kutoka Amani, Usambara, ukazuiwa bwawa la Mabayani ambalo ndo linawapa Tanga mjini maji ya bomba. Kijana akasema hata ya bomba wakichemsha sasa ataangalia birika, maana na yeye nilishamwambukiza.

Tukarudi pangoni magharibi, mzee alituambia tusiondoke mapema. Tukakaa kwenye jiwe nje, mdogo wangu anamenya chungwa la mwisho la Muheza. Akatoka popo mmoja. Wakatoka kama kumi. Alafu mlango wote wa pango ukatapika popo, mkanda mweusi unapinda juu ya miti kuelekea mtoni, upepo wa mabawa tunausikia usoni, na chungwa likabaki mkononi nusu limemenywa.