Soko halisubiri saa ya kutoka kazini

Mfanyakazi wa ofisi hapa Mtwara huingia kazini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, na hizo ni siku ambazo kazi haijazidi. Samaki wanaoshushwa pale Feri, kwenye soko la samaki, hawana habari na ratiba hiyo. Vyombo vilivyokesha baharini hurudi asubuhi, wachuuzi na wakaanga samaki huwa wameshavisubiri ufukweni, na kufikia saa ambayo mtu wa ofisini anafika, aliyebaki mezani mara nyingi ni samaki aliyeshinda juani. Nyumbani kwetu wote wawili tumeajiriwa. Mke wangu ni muuguzi anayefanya kazi kwa zamu, nami nashughulika na hesabu za ghala la korosho, kazi ambayo minada ikishafunguliwa mwezi wa Oktoba hunishikilia mpaka giza linaingia, ilhali watoto wanataka kula kila siku. Ndiyo maana tumejizoeza kununua chakula kwa kufuata bahari, mvua na mavuno, badala ya kusubiri siku tutakayopata nafasi, na naamini familia nyingi za wafanyakazi katika mji huu zingepata ahueni kwa kufanya hivyo.

Nianze na bahari, kwa kuwa ndiyo isiyobembelezeka. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, maji hukupwa sana kuelekea mchana, na wanawake na vijana hutoka kwenda mwambani kutafuta pweza, wakirudi maji yanapoanza kujaa. Pweza huyo hufika mitaani alasiri, saa ileile ambayo mwajiriwa yuko njiani kurudi nyumbani, kwa hiyo siku za bamvua ndizo siku zetu za kitoweo kibichi, na tunazijua mapema kwa kutazama tarehe za mwezi. Dagaa wana hesabu yao tofauti: huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapotawala hupungua na bei hupanda, hivyo tunanunua wakavu wa kutosha wakati wa giza na kuwahifadhi. Kusi linapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, wenye vyombo vidogo hukaa nchi kavu, na mwenye mshahara anayetaka kibua kila jioni wakati huo atalipa fedha nyingi kwa samaki mdogo. Kipindi hicho sisi hula zaidi ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa na kukaushwa, na mazao ya jamii ya kunde, wala hakuna anayenung'unika, kwa sababu ng'onda akipikwa kwa nazi na mpishi asiye na haraka ni chakula cha heshima.

Upande wa nchi kavu ndio unaotupa nafasi ya kupumua. Mkoa huu una mbaazi, choroko, kunde, njugumawe, karanga na muhogo, na karibu vyote huhifadhika. Mbaazi zikishavunwa, kuanzia mwezi wa saba na kuendelea, huwa nyingi na bei yake hutulia, nasi hununua za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja kutoka kwa ndugu walioko Newala, wanaozituma kwa gari la abiria. Adui ni wadudu. Tunazianika tena juani hata kama muuzaji ameapa kwamba zimekauka, tunazipepeta, kisha tunazitia katika mifuko ya kinga njaa na kuifunga kwa kukaza kila tabaka peke yake ili hewa isiingie. Makopa ya muhogo nayo tunayaweka vivyo hivyo na kuyapeleka mashineni kidogo kidogo, kwa sababu unga uliosagwa zamani huchacha ladha. Kazi yote hii humeza siku moja ya mapumziko, lakini siku hiyo inatununulia jioni nyingi ambazo mtu aliyetoka zamu hana haja ya kupita popote: mbaazi zimelowekwa tangu asubuhi, nazi iko ndani, ugali unasongwa.

Faida ya akiba hiyo ilionekana wazi mwezi Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya kuikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, huko Kilwa, na magari kulazimika kuzunguka kupitia Songea. Nyumba zilizotegemea duka la mtaani kwa kila kitu, siku baada ya siku, zilihangaika kuliko zile zilizokuwa na gunia la kitu chochote chumbani.

Mboga za majani na nyanya haziwekeki akiba, na hapo ndipo mtu anahitaji watu. Mama mwenye genge karibu na kwetu anaijua ratiba ya zamu za mke wangu kuliko ninavyoijua mimi. Nikichelewa hunitengea fungu la kisamvu kilichokwisha kutwangwa, nami humtumia fedha kwa simu kabla sijatoka ghalani, kwa sababu yeye naye anatakiwa kuwahi kufunga na kwenda kwake. Kuna jioni alinizuia nisichukue mchicha: "Shemeji, huo uache, umelala tangu jana. Chukua matembele, na mama watoto mwambie kesho nitakuwa na bamia changa." Wapo wanaosema kununua gengeni ni hasara kwa kuwa Soko Kuu bei iko chini. Ni kweli iko chini kidogo, lakini mwenye kufanya hesabu aongeze nauli ya bajaji, aongeze saa nzima ya jioni, aongeze na mboga itakayooza kwa sababu alinunua nyingi ili safari isiende bure. Mimi tofauti hiyo ya bei nailipa kwa moyo mweupe, kwani ndiyo ujira wa mtu anayenifanyia kazi ya kuchagua.

Kazi ya kukumbuka kilichokwisha ni kazi kamili, na kwa miaka mingi katika nyumba zetu imeachiwa wanawake hata wanapokuwa wameajiriwa sawa na waume zao. Jambo hili linaniuma. Muuguzi aliyekesha wodini hapaswi kuamshwa mchana kuulizwa kama mafuta ya kupikia yapo. Kwetu kuna daftari lililofungwa kwa uzi kwenye mlango wa jiko, na yeyote anayemaliza kitu hukiandika, akiwamo mtoto wetu mkubwa, ambaye sasa hutumwa Feri peke yake Jumamosi. Nilimfundisha kufunua mashavu ya samaki na kutazama wekundu wake, kuhakikisha macho yamejaa na yanang'aa, na kubonyeza ubavu kuona kama nyama inarudi au inabaki na shimo la kidole. Siku hizi muuzaji akimwonyesha changu aliyelegea hulirudisha jicho lake kwenye rundo bila kusema neno, naye muuzaji humchagulia mwingine.

Kitu kimoja hatuwezi kukipanga sisi wenyewe. Mji huu una wafanyakazi wa bandari, wa hospitali, wa shule na wa maghala ambao hawawezi kufika sokoni kabla ya jua kukuchwa, na msimu wa korosho huwaongeza. Meza chache za samaki zenye barafu ya kutosha na taa nzuri hadi saa 2 usiku zingewasaidia hao, na zingewasaidia pia wachuuzi ambao alasiri hulazimika kuuza kwa bei ya kutupa ili samaki wasiwaozee mikononi. Nimewauliza wachuuzi wawili ninaowafahamu, na wote walinijibu kwamba barafu ikipatikana kwa bei nafuu, wao wako tayari kukaa.