Sarafu zilizokosewa nilizozikuta kwenye kisanduku cha choo cha stendi

Mwaka wa tatu huu nakaa mlangoni pa choo cha kulipia, stendi ya hapa Morogoro. Mia mbili kwa mtu, na wengi hutoa sarafu yenyewe: Karume upande huu, simba upande wa pili. Jioni nazimwaga mezani nazihesabu kumi kumi, na hapo ndipo nilipojifunza kuzitambua zilizokosewa tangu kiwandani, zile wanazozitafuta wakusanyaji. Nasema kwa fahari: sasa mtu hanidanganyi.

Wadanganyifu ni wengi mno. Yuko aliyeniapia kwamba shilingi yoyote ya 1966 ni mamilioni. Uzee si kosa! Mwingine akanishauri nisugue sarafu kwa limao na majivu ili kasoro ijitokeze. Nikaisugua moja, ikang'aa kama sufuria ya harusi, na mikwaruzo ikatapakaa uso mzima. Anayekusanya sarafu haigusi tena ile. Usisugue kitu.

Ya kwanza kunirusha roho ilikuwa ya 1998 yenye pengo la mwezi mchanga pembeni. Usiku ule sikulala. Kulipokucha tu nikamwendea sonara mmoja mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete tuione."

Akabana lenzi jichoni, akaigeuza, akanyamaza muda mrefu. "Hii imepigwa tupa," akasema. Akaniachia lenzi nijionee: kwenye pengo mistari midogo imelala sambamba, madini yanang'aa kama mapya wakati uso wote umefifia, na herufi zimekatwa wima kama kwa kisu.

Kisha akanieleza, na sijaona mwalimu kama yule. Vipande vya sarafu hutobolewa kwenye bamba refu la madini, kama mama anavyokata maandazi kwa bilauri. Bilauri ikiangukia palipokwisha kukatwa, andazi hutoka na pengo. Kipande hicho kikiingia kwenye mhuri, yaani chuma kinachogonga picha na maandishi, madini huvutwa kuelekea pengoni, kwa hiyo herufi za jirani hufifia au kunyooka, hazikatiki. Na tazama upande unaokabiliana na pengo: ukingo pale mara nyingi huwa hafifu, kwa sababu ukingo huinuliwa kwa kubanwa kabla ya mhuri, na penye pengo hapakuwa na kitu cha kuubana kutoka ng'ambo. Tupa haiwezi kuiga hilo. Yangu ilikuwa na ukingo mnene mduara mzima.

Nililia moyoni, lakini nilitoka na elimu. Nikanunua lenzi yangu, kama elfu tano hivi.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote haihitaji hata lenzi. Bana sarafu kwa vidole viwili, kimoja juu ya kichwa cha Karume, kingine chini yake. Izungushe kama unavyofungua mlango. Simba wanatakiwa kusimama. Nilifanya hivyo kwa kila sarafu, miezi na miezi, mpaka jioni moja ya mvua simba wakatokea wamelala ubavu, miguu imeelekea ukutani. Nikarudia mara tano. Nikaiweka kando ya nyingine kumi: zote simba wima, hii peke yake imelala. Mhuri mmoja ulikuwa umezunguka mashineni.

Sonara alipitisha ukucha ukingoni akitafuta mshono, maana wapo wanaochonga sarafu mbili na kuzigandisha ziwe moja. Hakuna mshono. Akaipima na mwenzake kwenye mizani yake ya dhahabu, zikalingana. Akanipa mkono.

Herufi zenye kivuli, kana kwamba zimepigwa mara mbili, zisikusumbue sana. Kivuli kikiwa bapa na cha chini kama ngazi, mara nyingi ni mtikisiko wa mashine tu.

Simba wangu waliolala wako kwenye bahasha ya kaki, mbali na jasho la mikono. Dukani bado ni mia mbili. Juzi abiria wa Dodoma, mkusanyaji hasa, alitaka kunipa kama elfu thelathini. Nikamwambia, kaka, pitia tena ukirudi. Nikipata ya pili, hii utaichukua.