Hita ilinikatalia Njombe, nikaja kuitengenezea Mtwara

Ukiishi Mtwara unaweza kumaliza miaka na gari bila kugusa swichi ya hita. Mimi nimekaa na langu miaka minne, na kile kidude chenye rangi ya bluu na nyekundu kwenye dashibodi kwangu kilikuwa pambo tu. Mpaka Julai tulipoitwa ukweni Njombe, kwenye harusi.

Tulipita Masasi na Tunduru, tukalala Songea. Kutoka hapo barabara inapanda. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri vioo vikaanza kuingia ukungu, mtoto analalamika miguu inauma kwa baridi. Nikageuza swichi hadi mwisho wa nyekundu, feni namba nne. Upepo ukaja kwa nguvu, wa baridi tupu.

"Baba Salma, umewasha AC?"

Wazo la kwanza lilikuwa fyuzi. Nikajicheka mwenyewe, maana feni inazunguka, fyuzi inaingiaje hapo? Hita ya gari haina moto wake, inaazima joto la injini. Maji ya moto hutoka kwenye injini, hupita kwenye mpira hadi kwenye kirejeta kidogo kilichojificha nyuma ya dashibodi, kisha hurudi kwa mpira wa pili. Feni kazi yake ni kupuliza hewa hapo.

Pale Madaba tulisimama kunywa chai, injini nikaiacha inawaka. Baada ya dakika kama kumi upepo ukawa vuguvugu. Tukaondoka, na kabla hatujafika mbali baridi imerudi. Mshale wa joto la injini ulikuwa umelala chini, karibu na C, yaani baridi, kama ulivyozoea kulala safari ndefu zote. Na mimi ule mshale nilikuwa naufurahia!

Tulipofika, shemeji yangu mmoja anayeendesha lori akafungua boneti, akashika mipira miwili inayoingia kwenye ukuta nyuma ya injini. Akaniambia nishike na mimi, taratibu. Ingekuwa yote miwili inaunguza, tatizo tungelitafuta ndani ya dashibodi, kwenye kile kibao kinachoelekeza hewa au waya wake. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi, kirejeta kimeziba au koki yake haifunguki. Yangu ilikuwa vuguvugu yote, sawasawa. Maji yanapita, joto ndilo halipo.

"Shemeji, gari hili lina themostati kweli? Ninyi watu wa pwani mnazing'oa."

Hapo nikakumbuka. Mwaka wa nyuma gari lilichemka karibu na Mingoyo, nikavutwa hadi kwa fundi. Aliponirudishia funguo alisema, "Bosi, nimekuondolea usumbufu." Sikumuuliza ameondoa kitu gani. Themostati huyafungia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate joto lake. Ukiing'oa, maji yanazunguka rejetani muda wote, na upepo wa mwendo unayapoza. Injini haifiki joto lake, inakunywa mafuta zaidi, na hita inabaki jina.

Kwa kurudi, shemeji aliniziba nusu ya rejeta kwa kipande cha boksi. Kidogo tukapata joto, ila jicho halikutoka kwenye mshale, na Songea nikalitoa.

Nyumbani nilisubiri injini ilale usiku mzima. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, maji yanakurukia usoni. Asubuhi nikafungua mfuniko wa themostati, bolti mbili za spana namba 12, na ndani mtupu. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, kutu tupu, kwa sababu nilikuwa najaza ya bomba. Nikasafisha mfumo wote, hita ikiwa kwenye nyekundu, hadi yakatoka meupe. Na mfuniko wa rejeta nilipougeuza, mpira wake ulikuwa umekatika. Nadhani huo ndio uliovujisha maji yangu hadi Mingoyo. Themostati ilihukumiwa bure.

Nikanunua mfuniko na themostati yenye namba 82, yaani nyuzi inapoanza kufunguka. Niliijaribu kwanza jikoni, nimeining'iniza kwa uzi kwenye sufuria ya maji. Mama Salma akauliza kama leo tunakula chuma. Maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka, nikaitoa ikajifunga. Nikaifunga springi ikitazama injini na kile kipini chake kikiwa juu, kipitishe hewa. Kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu, maji safi nusu. Kisha gari pua juu kwenye mwinuko, mfuniko wazi, injini inawaka na hita imefunguliwa, naongezea hadi mapovu yalipokoma. Hewa ikinasa humo, hita itapuliza baridi hata kama kila kitu ni kipya.

Majaribio nikafanya saa saba mchana, hadi Mikindani, vioo vimefungwa, hita namba nne. Salma alikataa kupanda. Nilirudi nimelowa kama niliyetoka baharini.

Wiki iliyofuata nikapanda nalo Newala na mzigo, mshale katikati mlima mzima. Yule fundi nilikutana naye sokoni, akauliza habari za gari. Nikamwambia halichemki.

"Si nilikwambia, bosi?"