Idd Mbili na Kaburi Moja

Juzi binti yangu alisimama barazani akiwatazama watoto wa jirani waliovaa nguo mpya, huku sisi tukiwa bado tuna swaumu, akaniuliza kwa nini Idd ya wenzetu imetangulia. Nilimweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamuru tufunge kwa kuuona mwezi na tufungue kwa kuuona, na kwamba tangu zamani wanazuoni wametofautiana kama mwezi ulioonekana katika nchi moja unawalazimu watu wa nchi nyingine. Alinyamaza. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi Kondoa, siku tuliyomzika baba.

Baba alifariki usiku, saa chache baada ya kufuturu siku ya 29. Mwaka ule misikiti yetu miwili ilianza kufunga siku moja, jambo ambalo halikuwa likitokea kila mara. Usiku huohuo msikiti wa bondeni ulipata habari za mwezi kuonekana nje ya nchi, wakaanza takbira. Sisi wa msikiti wa juu tulisubiri tangazo la Mufti, nalo likatutaka tukamilishe 30. Kulipokucha, kwao kufunga kulikuwa haramu, na kwetu kula mchana kulikuwa haramu, na kati yetu amelala maiti mmoja mwenye jamaa pande zote mbili. Baba mdogo aliswali bondeni. Yeye na baba hawakuwa wakizungumza tangu ule ugomvi wa maulidi, ambao sitaurudia hapa. Maneno yaliyotoka katika vipaza sauti siku zile hayakumpendeza Mwenyezi Mungu, na yalitoka pande zote mbili.

Watu wa bondeni waliswali Idd mapema, kisha wakaja msibani moja kwa moja, wakinukia udi. Shehe wao alivua kanzu mpya, akaitundika kwenye mti wa makaburini, akachukua jembe. "Ninyi mna swaumu, kaeni kivulini," alituambia. Wakachimba wao, kwa zamu, katika udongo ule mwekundu wa kwetu ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali. Kijana mmoja alitoka shimoni akitiririka jasho, akafungua chupa ya maji, akaifikisha mdomoni. Kisha macho yake yakakutana na ya kwetu tuliokuwa kivulini. Aliifunga chupa ile, akaiweka chini taratibu, akarudi kuchimba. Ilikuwa siku yake ya Idd, na maji yale yalikuwa halali yake.

Baba mdogo ndiye aliyeshuka kumpokea ndugu yake, akamlaza katika mwanandani, akapanga viunza kimoja kimoja kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka. Udongo uliporudishwa, niliingiwa na hofu, kwa kuwa hapo ndipo tulipokuwa tukiachana siku zote: shehe wetu angekaa kumsomea marehemu talakini, yaani maneno ya kumkumbusha majibu ya maswali ya kaburini, na wenzetu, wasioikubali hadithi inayotegemewa katika jambo hilo, wangeondoka. Shehe wa bondeni alitangulia kusema. Alitukumbusha kwamba Mtume alipomaliza kuzika alikuwa akisimama kando ya kaburi na kuwaambia Masahaba wamwombee ndugu yao msamaha na uthabiti, kwa kuwa wakati huo anaulizwa. Tukasimama sote, tukaomba kimya. Kisha shehe wetu akakaa upande wa kichwa, akaanza: "Ewe mja wa Mwenyezi Mungu..." Yule mwenzake alirudi nyuma hatua mbili, akaegemea mpini wa jembe, akainamisha kichwa, na udongo mwekundu ukimkaukia vidoleni. Hakuitikia neno hata moja. Wala hakuondoka, na kwa kuwa yeye hakuondoka, hakuna mtu wa bondeni aliyeondoka.

Jioni, adhana ya Magharibi ilipokaribia, wanawake wa bondeni walileta masufuria ya pilau. Ilikuwa pilau yao ya Idd. Baba mdogo alikumbusha agizo la Mtume kwamba jamaa wa Jaafar, binamu yake aliyeuawa vitani, watengenezewe chakula, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha, kisha akanipa tende kwa mkono wake.

Nimejiuliza mara nyingi kama ule ulikuwa umoja au ilikuwa heshima ya msiba tu. Suala la talakini halikwisha, na mwezi umetutofautisha tena mara nyingi. Hata hivyo, tangu siku ile sijapata kusikia jina la msikiti wa bondeni likitajwa kwa ubaya katika kipaza sauti chetu, na maiti wa upande wowote huchimbiwa kaburi na pande zote mbili.

Binti yangu alikuwa bado anawatazama wale watoto. "Kwa hiyo babu alifunga siku ngapi?" akauliza.

Nilimwambia: ishirini na tisa, kwa hesabu ya misikiti yote miwili.