Ubaoni waliandika "Jason"

Kibanda umiza cha mtaani kwetu Tandika kilikuwa na ubao mlangoni, na mwenye kibanda aliandika kwa chaki jina la stelingi tu, yaani shujaa wa picha. Jina la picha hakuna aliyelijali. LEO: RAMBO. LEO: VAN DAMME. Unatoa hamsini yako, unabanana kwenye benchi. Sheria ilikuwa moja: stelingi hafi.

Siku moja tukakuta LEO: JASON. Mimi na kaka yangu (msichana nilikuwa peke yangu mle ndani) tukawa tunamtafuta Jason kati ya wale vijana waliokuja kustarehe kando ya ziwa. Kila tuliyemdhania, panga linampitia. Mpaka jamaa wa benchi la mbele akatugeukia: "Jason si ndiye huyo mwenye barakoa?"

Ukubwani nikazitafuta picha zote za huyo Jason. Katika Friday the 13th ya kwanza, ya 1980, anayeua ni mama yake Jason. Jason mwenyewe anaanza kuua katika ya pili, 1981, kavaa mfuko kichwani. Barakoa ya kipa wa hoki anaipata katika ya tatu. Ya nne, 1984, ikatangazwa kuwa ya mwisho: mtoto Tommy Jarvis anamuua kwa panga, yamekwisha. Ya tano muuaji ni mtu mwingine kabisa, kaiga barakoa tu. Basi ya sita, 1986, Tommy kawa mkubwa, anafukua kaburi ili ahakikishe. Anaichoma maiti kwa chuma alichong'oa kwenye uzio, radi inakipiga kile chuma, na Jason anaamka. Yaani kafufuliwa na aliyemuua! Nilicheka peke yangu sebuleni.

Kwangu mimi stelingi ni Jason. Kaka anang'ang'ania kuwa ni huyo Tommy, maana hafi. Kweli hafi, lakini kwa picha tatu kaigizwa na watu watatu, na pale kibandani nani alilijua jina lake? Jason naye kabadilishwa watu wengi, ila uso uko ndani ya barakoa. Kane Hodder alimcheza mara nne. 2003, walipomgonganisha na Freddy Krueger, muuaji wa picha za A Nightmare on Elm Street, ndani akawekwa mwingine, na Jason akabaki Jason. Mtayarishaji gani ataacha biashara hiyo?

Wenye picha za Halloween walijaribu kinyume. 1982 wakatoa ya tatu bila muuaji wao, Michael Myers, watazamaji wakanuna. 1988 wakamrudisha, na safari hii jina lake wakaliandika kwenye jina la picha yenyewe. Ubao wetu wa chaki uleule.

Juzi kaka kanitumia ujumbe: "Haya, kama stelingi ni Jason, adui nani?"

Nikamjibu ni yule mwenye kibanda. Mpira wa Ulaya ulipoanza alimzima Jason katikati, na hamsini zetu hakurudisha.